Tone la Maji ya Mtungini

Siku hizi sinywi maji kabla sijayatazama. Naiinua glasi kwenye mwanga wa dirisha, naizungusha kidogo, na ingawa najua jicho langu tupu halitaona kitu, moyo unanidunda vilevile. Wanaonifahamu wananicheka. Wacheke. Hawajaona nilichokiona.

Mambo yalianza na mtungi wa mama yangu. Wazee wengine wakiletwa Johannesburg kukaa na watoto wao hubeba dagaa, mchele na mafuta ya nazi. Mama alipanda basi kutoka Dar es Salaam akiwa na mtungi wa udongo mapajani, ameuviringisha kwa kanga, na kila mpaka alipoulizwa ndani mna nini alijibu kwamba hamna kitu, ni mtungi, walitaka uwe na nini? Alipofika kwangu Randburg nikamwambia kwa upole kwamba huku tuna jokofu. Akalitazama jokofu, akanitazama mimi, kisha akauliza ubani ninauweka wapi.

Kwetu Tanga mtungi hauwekwi maji hivihivi. Unafukizwa kwanza. Unatia makaa kwenye chetezo, unatupia ubani na mastaki kidogo, unaufunika mtungi mdomo chini juu ya ule moshi mpaka udongo unywe harufu, ndipo unatia maji. Ukiyanywa adhuhuri, baridi, na ile harufu ikikupanda puani, unajiona umealikwa harusini. Sikatai, ni matamu. Lakini sisi tunakaa ghorofa ya tatu, na mara ya kwanza Mama kufukiza, king'ora cha moshi kililia jengo zima, majirani wakashuka ngazi na watoto mgongoni. Mama akaniuliza kwa nini watu wa huku wanaogopa harufu nzuri.

Hayo yote ningeyavumilia. Tatizo lilikuwa maji yenyewe. Bomba letu hukauka bila taarifa, wakati mwingine kwa siku nyingi, kwa hiyo kila nyumba ina pipa la plastiki kibarazani. Lori la maji likija tunajaza, lisipokuja tunayabana yaliyomo, na yaliyomo yanakaa juani wiki nzima. Mama aliyachota humo humo akayatia mtungini. Nikamwambia ayachemshe. Akasema maji yaliyochemshwa yamekufa, na yeye hajafikia umri wa kunywa maiti.

Akaugua tumbo. Akapona. Akaugua tena, safari hii tukampeleka hospitali akiwa hajitambui, midomo imepasuka kwa kukaukiwa, akatundikiwa dripu mpaka mkono ukavimba. Daktari, binti mdogo wa umri wa mwanangu, alinivuta pembeni kwenye ujia. Akaniambia figo za Mama zimechoka, zimepona kwa bahati, na kwamba akipata tumbo la namna ile tena huenda asirudi nyumbani. Akanisihi Mama anywe maji yaliyochemshwa. Nilirudi pale kitandani nikamweleza Mama neno kwa neno. Akasema mama yake, na mama wa mama yake, wote walikunywa mtungini, na wakazika wengi waliokunywa chai.

Mimi nina hasira za karibu, nimezirithi kwake. Siku aliyotoka hospitali nilimkuta ameshayachota ya pipani, anayamimina mtungini taratibu, uso umetulia kabisa. Nikapandwa. Nikaukumbatia ule mtungi na maji yake, nikaubeba mpaka mlangoni, nikasema leo unakwenda jalalani na shauri yake. Hakunyanyuka kwenye kiti. Hakupaza hata sauti.

"Ukiuvunja, nitakunywa kwa kiganja," akasema.

Nikaurudisha. Nilikuwa nimelowa kifua chote na nalia kwa hasira na hofu. Tukanuniana. Alinisemesha kwa kupitia ukuta: eti ukuta, mwambie mwenye nyumba chumvi imekwisha. Na mimi nikauambia ukuta nitanunua kesho. Lakini kila alipokwenda msalani nilisimama nyuma ya mlango nikisikiliza kama anaharisha, maana kama ameanza ndiyo basi tena.

Sasa lazima niseme habari ya lenzi, maana bila hiyo Mama asingesikia la mtu.

Mama aliuza kanga na vitambaa Tanga maisha yake yote, na mimi nauza vitenge hapa Marshalltown, katika kijiduka kilicho ndani ya jengo la zamani, ubavuni kwa fundi cherehani wa Kikongo kutoka Lubumbashi. Kazi nilifundishwa na Mama, na somo la kwanza lilikuwa lenzi. Ni kidude kidogo cha kukunja, kina kidirisha cha mraba chini na kioo juu. Unakiweka juu ya kitambaa, unasogeza jicho, na nyuzi zinainuka mbele yako kama kamba za kitanda. Unaziona zilivyobanana au zilivyoachana, unajua kitambaa kitadumu au kitalegea mfuo wa kwanza. Mwenye mali anaweza kuapa mchana kutwa kwamba ni pamba tupu, kwamba ni kitenge cha Uholanzi chenyewe. Mama humwacha aape mpaka amalize, kisha hutoa lenzi. Alinikataza kuamini mdomo wa mtu yeyote penye kitambaa, hata mdomo wake yeye. Lenzi ile sasa naivaa shingoni kwa uzi, asubuhi mpaka jioni.

Jumapili moja binti yangu alikuja kula. Anasoma chuo kikuu, mambo ya viumbe hai. Amezaliwa hapa hapa. Kiswahili anakisikia chote, hasa akisengenywa, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, na akikasirika Kizulu. Bibi yake humwita mke mwenzangu, kama ilivyo kwetu bibi na mjukuu, na humtania kwamba mume wao wa pamoja alikufa kwa kukosa mtu wa kuongea naye. Siku hiyo alitukuta mimi na Mama tunazungumza na ukuta. Akaweka kijiko chini, akaanza kusimulia hadithi, na mimi nikawa mkalimani.

Alisema zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, katika mji mdogo wa Uholanzi, palikuwa na mwuza vitambaa. Mama, aliyekuwa anatazama dirishani makusudi, akageuza shingo.

"Mwuza vitambaa?"

Ndiyo Bibi, mwuza vitambaa, na kama wenzake wa kazi ile alitumia kioo kukagua nyuzi. Ila huyu alikuwa mdadisi kupita kiasi. Akaanza kujitengenezea vioo vyake mwenyewe, vidogo sana, vyenye nguvu kuliko vya dukani, na kuvielekeza kwenye kila kitu isipokuwa kitambaa: mguu wa nzi, utando wa meno yake, maji ya ziwa. Akaloweka hata pilipili manga kwenye maji, anataka kuona kinachouma ulimi. Kwenye yale maji akakuta viumbe hai, wanakimbizana, wadogo kiasi kwamba hakuna binadamu aliyekuwa amepata kuwaona tangu dunia iumbwe. Akawaandikia wataalamu wa London. Wale hawakumwamini. Basi akawaita watu wa mji wake, wachungaji wa kanisa na watu wengine wa kuheshimika, kila mmoja akaweka jicho lake, kisha akashuhudia alichokiona. Na wale wa London, kwa kuwa ulikuwa wakati ambao watu wa kule walikuwa wameanza kuchoka kuambiwa kitu ni kweli kwa sababu mkubwa fulani wa kale alisema, wakatengeneza vioo vyao, wakatazama wenyewe, wakawaona.

Nilitafsiri huku nywele zinanisimama. Nimeuza vitenge miaka yote hii, lenzi kifuani, na haikunijia hata siku moja kuielekeza kwenye kitu kingine! Mtu wa kazi yangu, kwa chombo cha kazi yangu, alifungua mlango wa dunia nzima ambayo haikuwa kwenye kitabu chochote. Mimi nilikuwa nakitumia kutambua nailoni.

Mama alisugua goti.

"Basi huyo ni mwenzetu," akasema. Kisha akanyoosha mkono, na kwa mara ya kwanza tangu ugomvi akaniambia mimi, si ukuta, nimpe lenzi. Akaiweka juu ya glasi ya maji ya mtungini, akatazama upande huu na upande ule. Akasema anaona maji. Mwanangu akamweleza kwamba ile ni dhaifu, ya yule Mholanzi ilikuza mara nyingi zaidi.

"Basi nileteeni ya kwake," Mama akasema. "Nikiwaona hao wadudu kwenye maji yangu, kwa jicho langu, nitachemsha mpaka nife. Nisipowaona, msiniguse mtungi wangu tena."

Nikasema sawa kabla sijafikiri. Kwenye ngazi, wakati nikimsindikiza, mwanangu aliniambia kwa wasiwasi kwamba hana uhakika. Hadubini za chuo haziruhusiwi kutoka maabara, na Mama hakuwa na nguvu za kwenda huko. Alijua namna ya kutengeneza kile kioo, alishaona ikifanywa, lakini yeye mwenyewe hajawahi. Tukishindwa, Mama amepewa ruhusa ya kunywa, na mimi nimetia saini.

Jumamosi iliyofuata akaja na vijiti vya kioo vyembamba, vyenye uwazi ndani. Tukawasha jiko la gesi. Alishika kijiti ncha mbili, akakiweka kwenye moto wa buluu, na kilipolegea akakivuta, kikatoka uzi wa kioo mwembamba kuliko unywele. Mama aliyekuwa amekaa mlangoni pa jikoni akaguna, maana nyuzi ndiyo lugha yake. Kisha mwanangu akarudisha ncha ya ule uzi motoni. Kioo kikajikunja chenyewe, kikajikusanya, kikawa tone la mviringo lisilozidi kichwa cha pini. Hakuna aliyelichonga wala kulisugua, moto na kioo wamepatana wao kwa wao. Nikasema mashallah kwa sauti.

La kwanza lilikuwa na povu la hewa ndani. Jingine likaingia moshi. Jingine likadondoka likapotea chini ya jokofu, tukalitafuta kwa magoti. Mwanangu akaungua kidole, akatukana Kizulu, bibi yake akamwuliza amesema nini, akasema ni dua. Hatimaye likapatikana moja safi. Tukakata vibati viwili kutoka kopo la soda, nikavitoboa kwa sindano ya kazi yangu, tukalibana lile tone katikati, tundu kwa tundu. Hicho ndicho chombo. Ukikiona barabarani utakipiga teke.

Ilipofika zamu ya maji, Mama alisimama. Alisema atachota mwenyewe, kwa kata yake, na hakuna atakayegusa, isije ikawa tumetia ya kwetu. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara tu. Akachota chini kabisa, akakwangua kidogo utelezi wa udongo, akadondosha tone juu ya kipande cha plastiki angavu. Mwanangu akakisogeza nyuma ya tundu, akakileta jichoni, akaelekea dirishani kwenye jua.

Akasogeza plastiki huku na huku. Akaisogeza tena na tena mpaka nikakata tamaa. Kisha akasema "eish", polepole, na kuniletea bila neno jingine.

Niliona mwanga kwanza, duara la mwanga. Ndani yake vipande vya uchafu, vimetulia. Nikataka kusema sioni kitu. Halafu kimoja kati ya vile vipande kikaondoka. Kilikwenda mbele, kikagota kwenye ukingo wa kitu, kikarudi nyuma, kikafikiri, kikapita pembeni. Kilikuwa na umbo la kandambili na kilikuwa kinang'aa, mwili mzima unaonekana mpaka ndani, na pembezoni mwake palikuwa panatetemeka. Kikapita kingine. Kikapita kidogo zaidi kwa kasi, kama mtu aliyechelewa kazini. Nilikuwa jikoni kwangu Randburg, nasikia magari yakifunga breki kwenye robot, zile taa za barabarani, na papo hapo nilikuwa nachungulia mji ambao wakazi wake hawajui kama kuna Randburg. Nilijiona mdogo sana na nilifurahi sana, sijui kwa nini vyote viwili vilikuja pamoja.

Nikampa Mama.

Akasema anaona kope zake. Mwanangu akamsogezea karibu zaidi. Akasema sasa anaona mwanga mtupu. Akasema haoni kitu, na akaanza kukishusha. Mwanangu akamshika mkono kwa nyuma, akamgeuzia jua, akasukuma plastiki kiasi cha unywele.

Mama akaacha kupumua. Midomo ikaanza kucheza bila sauti, kama anavyofanya kwenye tasbihi. Kidole chake cha shahada kikainuka hewani chenyewe, kikafuata kitu kulia, kikafuata kushoto.

"Wanatembea," akasema. Na kidole kikiwa bado hewani: "Nyumba moja miaka yote hii, na hata hodi sijawapigia."

Hapo mwanangu, kwa ukweli wake wa shule, akasema kwa Kiingereza kwamba hawa tunaowaona huenda hata hawana madhara, na kwamba wanaoumiza tumbo ni wadogo kuliko hawa, tone letu la kioo halina nguvu ya kuwaonyesha. Nikamkanyaga mguu. Tumeshinda, mtoto anairudisha mali mezani! Mama akadai tafsiri. Nikauma maneno. Akadai tena, kwa jicho, na mimi jicho lile sijawahi kulishinda. Nikamwambia yote.

Badala ya kutushika kwa uongo, akaacha mdomo wazi.

"Chini ya hawa kuna wengine?"

Akamwuliza mjukuu, si mimi. Na yule mtoto, ambaye nimembembeleza Kiswahili tangu alipoota meno, akajibu.

"Wapo, Bibi. Wadogo sana. Hawa kwao ni kama tembo."

Mama alikaa chini. Machozi yalimtoka, ila hayakuwa ya huzuni, aliyaacha tu yashuke. Akasema Subhanallah mara nyingi. Akasema yeye alidhani amemaliza kuona, amebakiza kufa, kumbe hata maji aliyokunywa hajayaona. Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea: wakichemshwa wanakuwaje?

Mwanangu akasema wanakufa, Bibi. Wote.

Nilimjua mama yangu, mtu anayehama kiti kumpisha paka. Nikajua nimempoteza. Nilimleta atazame ili aogope, naye badala ya kuogopa amependa. Nikaanza kutafuta la kusema, kwamba na yeye ni kiumbe, kwamba na mimi nina mama mmoja tu.

"Chemsha," akasema. "Mie nikishapatana bei sirudi nyuma."

Mtungi tuliusugua kwa maji ya moto na kuufukiza upya, tukazima king'ora. Maji yaliyochemshwa na kupoa tukayamimina humo. Akanywa, akayazungusha mdomoni kama anayeonja pilau ya jirani, nami namtazama koo. Akasema hayajafa sana.

Tumbo halijamrudia tangu siku ile. Mara moja moja nikimpeleka dukani hubeba vile vibati kwenye mkoba, ndani ya leso. Fundi wa Lubumbashi alipomwambia kwamba hizo ni histoire, hadithi tu za wazungu, Mama hakubishana. Alidondosha maji ya ndoo ya fundi mwenyewe, akampa, akamgeuzia dirishani. Yule fundi alipiga kelele mpaka mlinzi wa jengo akaja, na mlinzi naye akatazama.

Lakini kazi ya kuchemsha hamwachii mtu. Asubuhi, baada ya sala, naamka namkuta jikoni mbele ya birika la umeme, amelijaza maji ya pipani. Mkono mmoja ameuweka juu ya birika, bado ni baridi. Anainama kidogo, kama anayezungumza na mtoto aliyelala.

"Mniwie radhi," anawaambia. "Nina mwana, bado ananihitaji."

Kisha anabonyeza mwenyewe.